Jumapili Iliyo Karibu na Tarehe Ishirini

Mama yangu na shangazi yangu walizaliwa mwaka mmoja, mwezi mmoja, wakapokelewa na mkunga mmoja. Mwaka wenyewe nauacha, maana wote wawili wako hai na hawajaniruhusu kuutaja. Mwezi ni Februari. Mama alizaliwa ng'ambo ya bonde na shangazi upande huu, katika vitongoji vya juu ya Mlalo, ambako mkunga wa misheni alikuwa akipanda kwa miguu na mkoba wake, na akishapanda hateremki mpaka amalize kazi yote inayomsubiri huko juu. Bibi zangu, mzaa mama na mzaa baba, walikuwa wakisimulia jambo hilo kwa maneno yaleyale: kati ya mtoto huyu na yule hazikuzidi siku tatu. Nani alitangulia, hakuna aliyesema kwa uhakika, na wote wawili walifariki kabla hatujapata akili ya kuwauliza vizuri.

Watu wengine wangeliacha jambo hilo. Wanaozidiana siku tatu ni marika, wanataniana na kuazimana chumvi, na hakuna anayeamkiwa. Hawa wawili hawakuliacha. Nilikua nikiwaona wakikutana bombani asubuhi, ukungu haujapanda, kila mmoja na ndoo yake, na salamu zao zikianzia katikati. "Umeamkaje, wifi?" "Salama, wifi, na wewe?" Shikamoo haikuwepo. Kila mmoja alikuwa akiisubiri kwa mwenzake, na kwa kuwa haikuja, waliiruka kama watu wanavyoruka dimbwi. Sisi watoto tulipata taabu zaidi. Ukiwakuta wamesimama pamoja, utamwamkia nani kwanza? Ukianza na mama, shangazi anatazama milimani. Ukianza na shangazi, mama atakuuliza nyumbani ni nani aliyekunyonyesha. Nilikuwa na miaka saba au minane nilipogundua kwamba naweza kusema "Shikamooni" mara moja tu, nikapita zangu.

Baba alikuwa kaka wa mmoja na mume wa mwingine. Wakimwomba aamue, alichukua jembe akaenda shamba. Tangu alipofariki, wanawake hawa wawili wamebaki wakipakana, nyumba ya shangazi ikiwa chini kidogo ya yetu, na kati yao kuna matuta ya maharage na mstari wa miti ya matunda, miplamsi.

Mimi nafanya kazi mjini Lushoto, katika steshenari. Tunachapa, tunatoa fotokopi, tunatengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi, tunaandika barua za watu wanaojua wanachotaka kusema ila hawajui kianzie wapi. Kompyuta nilijifunza Tanga kwa miezi tisa, na kutunga programu nikajifunza mwenyewe baadaye, kwa video za kwenye simu na kwa ukaidi. Ukaidi ndio uliofanya kazi kubwa. Nasema hivyo bila kujisifu, au basi kwa kujisifu kidogo.

Mwaka jana, mwezi Septemba, tulichapa kadi za sendofu, karamu ya kumuaga bibi harusi, ya binti mmoja wa Lukozi. Kadi zilisema Jumamosi tarehe kumi na mbili. Tarehe kumi na mbili ilikuwa Ijumaa. Mteja ndiye aliyekosea kwenye karatasi aliyotuletea, lakini ni sisi tuliochapa kadi mia mbili bila kutazama. Walioamini siku walikuja Jumamosi na kukuta masufuria yanaoshwa. Walioamini tarehe walikuwa wameshakula Ijumaa. Mwenye duka, mama mmoja asiyepandisha sauti hata siku moja, aliniambia kwamba hilo lisitokee tena.

Ningeweza kuwa natazama kalenda kila mara. Lakini katika siku moja hupita mikononi mwangu karatasi hamsini zenye tarehe, nami najifahamu: jicho huchoka. Nikaamua kuandika programu ambayo nikiipa tarehe inanijibu siku, na isipolingana na iliyoandikwa kwenye kadi inanigomea kuchapa.

Kanuni ya kazi hiyo ilitungwa zamani, kabla ya kompyuta, na inaenea katika mstari mmoja. Unachukua tarehe, mwezi na mwaka, unavijumlisha kwa namna yake, unagawanya kwa saba, na kinachobaki ndicho siku. Baki likiwa sifuri, ni Jumamosi. Yule aliyekuwa akifundisha kwenye video alifika hapo akaanza kuomba radhi, akasema wanafunzi wake hushangaa kwa nini hesabu inaanzia Jumamosi badala ya Jumapili au Jumatatu. Nilicheka peke yangu. Kwetu sisi Jumamosi ni mosi tangu zamani. Niliongeza moja kwenye baki, na siku zikajipanga zenyewe: moja Jumamosi, mbili Jumapili, tatu Jumatatu, mpaka tano Jumatano, kisha Alhamisi na Ijumaa zikakaa kwenye sita na saba. Niliona kama kanuni ile ilitungwa na mtu aliyenyonya Kiswahili.

Ilikuwa na sharti moja tu la ajabu. Inauanza mwaka mwezi Machi. Kwa hiyo Januari na Februari hazihesabiwi kuwa za mwaka wake, bali ni mwezi wa kumi na tatu na wa kumi na nne wa mwaka uliotangulia. Nililisoma hilo, nikaliandika, nikasonga mbele.

Nikaijaribu. Niliipa siku ya Uhuru, tarehe tisa Desemba sitini na moja. Ikasema Jumamosi, na ilikuwa Jumamosi. Niliipa siku ya Muungano, ikasema Jumapili, na ni kweli. Niliipa tarehe zote za mwezi ule tuliokuwa nao, moja baada ya nyingine, huku natazama kalenda ya ukutani. Hakuna iliyokosea. Septemba hiyo, Oktoba, Novemba, Desemba, ilinasa makosa manne ya wateja, na kila nilipompigia mteja simu kumwambia kwamba siku na tarehe zake hazipatani, nilisikia shukrani upande wa pili. Nilianza kutembea kifua mbele. Mwenye duka aliwaambia watu kwamba kwake kadi haiwezi kukosea.

Siku ya pili ya Krismasi nilikuwa nyumbani. Tumekula, tumekaa barazani, beseni la plamsi katikati, mama upande huu na shangazi upande ule. Nilipofika nilikuwa nimewasalimia kwa ile shikamooni yangu. Shangazi akasema kwamba mimi ni mtu mzima sasa, niache uvivu, nimwamkie kila mtu kwa nafasi yake. Mama akasema kwamba nafasi zinajulikana. Nikaona yameanza.

Nikawaambia kwamba mimi naweza kuyamaliza.

Walinitazama wote wawili. Nikaeleza polepole, kama ninavyomweleza mteja. Mama ana cheti cha ubatizo chenye tarehe ya kuzaliwa, ishirini Februari, lakini siku ya wiki haikuandikwa. Shangazi hana tarehe. Baba yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare, na shangazi akabatizwa huko akiwa tayari anatembea, na karani akaandika mwaka na mwezi, basi. Kwenye kitambulisho chake cha taifa wamemwekea tarehe moja Januari kama walivyowawekea wengi wasio na tarehe. Lakini siku anaijua. Alizaliwa Jumapili, bibi alishikwa na uchungu ibadani, wakamtoa kabla ya mahubiri. Hilo hakuna asiyelijua katika ukoo. Na jambo la tatu ni lile la siku tatu, ambalo bibi wote wawili walilishuhudia.

"Jumapili isiyozidi siku tatu kutoka tarehe ishirini ni moja tu," nikasema. "Ama iko nyuma yake, ama iko mbele yake. Tukijua tarehe ishirini ilikuwa siku gani, tumemaliza."

Shangazi aliuliza kama hiyo mashine ilikuwepo siku hiyo. Nikamwambia haihitaji kuwepo. Akafikiri, akala plamsi, akatema kokwa kwenye kiganja. Shangazi yangu ni mtu wa sheria; alikuwa mweka hazina wa akina mama kanisani kwa miaka mingi na hakuna siku ambayo hesabu za daftari lake hazikulingana. Akasema kwamba kama mama atakubali, na yeye atakubali, na atakayeonekana mdogo ataamkia tangu siku hiyo bila kinyongo. Mama akaitikia kwa kichwa. Nikawauliza mara ya pili kama wamekubali. Wakasema wamekubali.

Simu yangu ilikuwa mfukoni. Ina kalenda, na ukiivuta nyuma kwa kidole, miaka inarudi mpaka mkono uchoke. Ningeweza kuivuta. Lakini nilikuwa nimebeba kompyuta, na programu ni yangu, na nilitaka hukumu itoke kwangu. Nikaandika tarehe. Ikajibu Alhamisi.

Nikahesabu kwa vidole ili waone. Alhamisi ni tarehe ishirini. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili: siku tatu mbele, tarehe ishirini na tatu. Jumapili ya nyuma yake ilikuwa tarehe kumi na sita, siku nne, hiyo imezidi. Kwa hiyo shangazi alizaliwa tarehe ishirini na tatu, na mama ni mkubwa kwake kwa siku tatu kamili.

Shangazi hakubisha. Aliniomba nihesabu tena, nikahesabu. Kisha akainuka, akakaza kitenge kiunoni, akamgeukia mama.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba," mama akasema. Sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo, nyembamba, kama ya mtu anayejibu kwa niaba ya mwingine.

Nilirudi mjini nikiwa nimeridhika kabisa. Ugomvi wa miaka mingi nimeumaliza kwa dakika tano, tena barazani, kwa amani. Mama alinipigia simu mara nyingi kuliko kawaida, na kila mara, kabla hatujafika kwenye habari za mahindi, alikuwa amekwisha kunieleza mahali alipoamkiwa. Bombani. Njiani kwenda gulioni. Mbele ya wanawake wa kwaya, wakiwa wote wamesimama nje ya kanisa, na shangazi hakusita hata kidogo. Mama alicheka akisimulia. Mimi pia nilicheka.

Mwezi Januari ulipoanza, katika juma la pili, siku duka lilipofunguliwa baada ya sikukuu, alikuja dukani mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mwenye miwani, na kadi ya sendofu ya binti yake. Iliandikwa Jumamosi tarehe ishirini na nne Januari. Programu ikagoma. Ilisema Jumapili.

Nilimweleza kwa upole kwamba amekosea, kwamba hutokea sana, na kwamba tutaisahihisha pale pale bila shida. Aliniacha nimalize.

"Kalenda iko nyuma yako," akasema. "Tazama."

Niligeuka. Tarehe ishirini na nne ilikuwa Jumamosi, nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Nikaandika tarehe ya siku ile tuliyokuwa nayo. Programu ikaniambia kwamba leo ni kesho.

Nilimchapia kadi zake, nikamwomba radhi, na alipoondoka nikafungua programu nikaisoma mstari kwa mstari. Haikuchukua hata robo saa. Lile sharti la Januari na Februari nililitimiza nusu. Mwezi niliugeuza kuwa wa kumi na tatu na wa kumi na nne, sawasawa. Lakini miezi hiyo ni ya mwaka uliotangulia, na mwaka sikuupunguza. Palikosekana kutoa moja. Kwa sababu hiyo kila tarehe ya Januari na Februari ilisogezwa siku moja mbele, au mbili mwaka ukiwa mrefu, na kwa kuwa niliiandika Septemba, miezi minne yote sikuwa na tarehe ya kunionyesha. Niliongeza mstari mmoja mfupi. Nikaipa Januari nzima, kisha Februari nzima, nikilinganisha na kalenda. Ikakaa sawa.

Sikuona aibu juu ya kosa lenyewe. Kosa la mstari mmoja ni kosa la kila mtu anayefanya kazi hii, na nilikuwa nimelipata mwenyewe na kulirekebisha. Nilikuwa najiandaa kujipa hongera. Ndipo nikakumbuka mwezi aliozaliwa mama.

Niliandika ishirini Februari, mwaka wao. Jumatano.

Sikuhitaji vidole, lakini nilivitumia. Kutoka Jumatano kurudi nyuma: Jumanne, Jumatatu, Jumapili. Siku tatu. Tarehe kumi na saba. Kwenda mbele ni siku nne, imezidi. Safari hii nilitoa simu, nikaivuta kalenda nyuma mpaka mwaka ule, kidole kikaniuma. Jumatano. Shangazi ndiye mkubwa, na kwa wiki mbili nilikuwa nimemfanya amwamkie mdogo wake mbele ya kwaya.

Nilifikiri kunyamaza. Sitasema uongo, nilifikiri, kwa muda wa kutoa fotokopi kama thelathini hivi za mtihani wa shule fulani. Hakuna ambaye angejua. Lakini programu ni yangu, na kama nilitaka hukumu itoke kwangu ilipokuwa tamu, basi na hii nayo ni yangu. Nikaomba ruhusa ya Jumamosi.

Nilimkuta mama jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba nilikosea, nikamweleza wapi, nikamwambia kwamba shangazi alizaliwa tarehe kumi na saba. Aliendelea kuchambua. Akauliza kama safari hii nina hakika. Nikamwambia nina hakika kuliko nilivyo na hakika ya jina langu, na kwamba nimeihakiki kwa kalenda mbili.

Alichambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuolewa, alitoka nje na ndoo, hajui bomba liko wapi, akamkuta wifi yake amesimama mlangoni. Akamuuliza ameamkaje. Wifi hakujibu. Baadaye akamwambia kwamba katika nyumba hii wadogo huanza na shikamoo. Mama alikuwa na miaka ishirini, hana mtu wake hata mmoja upande huu wa bonde, na wifi yake ana umri uleule. Akamjibu kwamba yeye ana cheti cha ubatizo, na wifi naye alete chake. Hakuwa ameleta ugomvi, alisema mama. Alikuwa ameogopa, na hilo ndilo neno lililomjia. Siku ile wifi hakumsemesha mpaka jioni.

"Nilijiambia, nikimwamkia leo kwa kuamriwa, nitaamriwa mpaka nizeeke," mama akasema.

Nikamuuliza, na hizi wiki mbili? Akapeperusha makapi ya maharage. Akasema siku ya kwanza ilikuwa tamu. Ya pili pia. Halafu akaanza kuona kwamba wifi akimwona kwa mbali anasimama kidogo, anajiweka sawa, ndipo anakuja. Baba alipofariki, nani alilala kwenye nyumba hii siku arobaini? Nani alimpikia uji, akamlisha kwa kijiko kama mtoto? Mtu huyo sasa anajiweka sawa kabla ya kumkaribia.

Aliweka ungo chini, akajifunga kitenge kingine juu ya kile alichokuwa nacho, kwa kuwa kulikuwa na baridi, akaniambia twende.

Shangazi alikuwa shambani kwake anang'oa karoti. Alituona tunateremka, akasimama, akajipangusa mikono, na nikaona kweli anavyojiweka sawa. Akafungua mdomo. Mama akamwahi.

"Shikamoo, wifi."

Shangazi alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama nyumbani kwetu juu.

"Kuna msiba?" akauliza.

Ndipo nikaeleza. Hakutosheka na maneno. Alitaka kuona kosa lenyewe kwa macho. Niliweka kompyuta juu ya kreti la kuwekea karoti, nikamwonyesha mahali palipokuwa na upungufu na mstari niliouongeza. Hakujua lugha ile hata herufi, lakini aliutazama mstari ule kwa muda, jinsi alivyokuwa akitazama madaftari ya akina mama. Akaniuliza kama ni huo tu. Nikasema ni huo tu. Akauliza kama nimeurudia kuuhakiki. Nikasema ndiyo. Nilitegemea anikaripie, na ningestahili, lakini alisema tu kwamba daftari hukosea kwa tarakimu moja, si kwa ukurasa mzima, na kwamba anayeleta kosa lake mwenyewe mezani anaweza kuachiwa daftari.

Kisha akauliza tarehe.

"Kumi na saba Februari," nikamwambia. "Jumapili."

"Kumi na saba," akasema. Akarudia kwa Kishambaa, taratibu, kama anayeonja. Halafu akamgeukia mama, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama kwenye tuta akisubiri, na akamjibu.

"Marahaba."

Ya asubuhi ile ya ndoo hakuna aliyeyataja, nami sikuyataja. Mama aliinama akaanza kumsaidia kung'oa karoti. Niliketi kando ya kreti na kompyuta yangu magotini, nikiwasikiliza wakigeukia bei ya mbolea, kwa Kishambaa, wakikatana maneno kama kawaida yao.

Tangu hapo mama huanza. Nilidhani ataona uchungu, lakini anasema shikamoo kirahisi kabisa, hata kwa utani kidogo, na mara nyingine shangazi humjibu akiwa amekwisha kuanza kusema jambo jingine. Nimeacha shikamooni. Nikiwakuta pamoja naanza na shangazi, na mama haniulizi ni nani aliyeninyonyesha.

Tarehe kumi na saba Februari iliangukia Jumanne. Nilikuwa dukani, nina foleni ya watu watatu, nikamwona shangazi mlangoni. Hakuwahi kufika pale kabla ya siku hiyo. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na sweta, na mkoba ameubana kwapani. Alisubiri zamu yake kama mteja mwingine, na zamu ilipofika nikamwamkia, akaitikia, akaniambia anataka aandikiwe.

Alitaka karatasi yenye jina lake, na chini yake kwamba alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe kumi na saba Februari, na mwaka. Nilimwambia ukweli: ofisi haitaipokea, kubadilisha kitambulisho kuna njia yake ndefu, na ushahidi wetu ni maneno ya bibi wawili juu ya siku tatu. Kwa maneno hayo, hesabu haina shaka. Bila maneno hayo, hakuna hesabu. Akasema kwamba ofisi ibaki na Januari yake. Hii ni ya kwake. Maneno ya mama yake yanamtosha.

Basi nikaandika. Nilichagua herufi kubwa zinazosomeka bila miwani. Kabla ya kuchapa aliniomba niiulize mashine mara moja zaidi, akiwepo. Nikaandika tarehe, nikamgeuzia kioo, ikajibu Jumapili, na mwenye duka akaja kutazama pia, akampa mkono. Nilichapa nikaitia laminesheni, bado ina joto la mashine alipoipokea. Aliishika kwa ncha za vidole mpaka ikapoa.

Akataka kujua mwakani tarehe hiyo itaangukia siku gani. Nikaandika. Jumatano, nikamwambia.

Akasema Jumatano ni siku nzuri, watu hawana safari, na kwamba tutapika nyumbani kwake. Akafungua mkoba, akaiweka karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo ili isikunjike. Akiwa amefika mlangoni alinigeukia, akaniambia nimfikishie mama habari hizo, na nimwambie kwamba kupika atapika yeye, kwa kuwa ndiye mdogo.